Chungu cha Kila Siku na Lugha Yake

Walimu wenzetu wengi, wanapofika kwenye somo la chakula, huwa na haraka. Katika vitabu vingi vya kufundishia Kiswahili tulivyopata kuvitumia, somo hilo lina picha ya jiko, orodha ya vyombo, mazungumzo mafupi ya mgeni aliyekaribishwa pilau, na zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mwanafunzi akilimaliza anaweza kutaja sufuria, sahani, kijiko, uma na bilauri. Hawezi kusema chungu kimefanywa nini, wala chakula kilichomo kimefika hatua gani. Na pilau yenyewe, kwa wengi wa wanafunzi wetu wa kandokando ya Ziwa Tanganyika, ni chakula cha arusi na sikukuu; hakipikwi kwao siku ya kawaida.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki lugha ya mapishi kama tunavyoikuta vitabuni, magazetini na madarasani. Tunataka kuuliza ni kwa nini mapishi ya kila siku, yaani maharage, ugali, dagaa na majani ya muhogo, yamenyimwa raha katika maandishi yetu, hali katika vinywa vya watu raha hiyo ipo tele. Jambo hili si dogo kwa mwalimu wa lugha. Mtoto anayeambiwa, hata kwa kimya tu, kwamba chakula cha kwao hakistahili kuandikwa kwa Kiswahili, hukisoma Kiswahili kama lugha ya nyumba ya watu wengine.

Tukianza na fasihi, tutaona kwamba chakula hakikosekani humo. Kinachokosekana ni chakula cha Jumanne. Hadithi zetu zina karamu, na zina njaa. Zina mfalme anayechinja ng'ombe, na zina yatima anayelala bila ya kula. Kati ya ncha hizo mbili, pale ambapo watu wengi huishi siku nyingi za maisha yao, maandishi huwa machache. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa akimwusia binti yake, unayataja maakuli ya mume miongoni mwa wajibu mwingi wa nyumbani. Hatuna ugomvi na mshairi huyo. Yeye alikuwa akitoa wasia, hakuwa akisimulia jiko lake. Ugomvi wetu ni na wasomaji wa baadaye walioupokea utendi huo kana kwamba ndio neno la mwisho la Kiswahili juu ya mwanamke na chakula.

Visa vya Abunuwasi vinalikaribia zaidi jiko la kweli. Kuna kile cha sufuria ya kuazima iliyorudishwa pamoja na kisufuria kidogo, mwenyewe akaambiwa kwamba imezaa, hata mara nyingine ilipoazimwa akapewa tanzia kwamba imekufa. Kuna na kile cha maskini aliyekula kikavu chake huku akinusa nyama ya tajiri, akashitakiwa alipe, na malipo yakawa mlio wa fedha. Visa hivi hufundishwa kwa ajili ya werevu uliomo, na werevu umo kweli. Lakini ni mara chache mwalimu husimama kidogo kwenye ile harufu. Kisa chote cha pili kimejengwa juu ya jambo ambalo kila msikilizaji hulikubali bila ya kuelezwa, nalo ni kwamba harufu ya chungu cha jirani ni kitoweo. Asiyelijua hilo hawezi kucheka.

Methali nazo zimekaa jikoni muda mrefu kuliko washairi. Mafiga mawili hayainjiki chungu. Wali wa kushiba huonekana sahanini. Mwenye njaa hana miiko. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Tunazipenda zote, hasa hii ya mwisho, kwa kuwa ndiyo pekee kati ya hizo inayokiri kwamba mpishi ana hiari na ufundi. Zile nyingine zinalitumia jiko kama mfano wa jambo jingine: umoja, uhakika, dhiki. Si kosa la methali. Ndiyo kazi yake. Lakini mwanafunzi anayelijua jiko kwa methali tu atajua kwamba mafiga ni matatu, asijue kwamba figa moja likiwa refu kuliko wenziwe mchuzi humwagika upande mmoja na maharage ya upande wa pili hubaki makavu.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe, maana hapo ndipo penye hasara kubwa. Kiswahili kina vitenzi vya mapishi vingi ajabu, na vyenye mipaka iliyo wazi. Chungu huinjikwa, huteleka mtu, au hubandikwa. Kikiwa tayari huepuliwa. Maji huchemshwa, lakini muhogo hutokoswa. Samaki hupaliwa magamba, hubanikwa au hukaangwa. Mchele hupepetwa na kuchaguliwa, mboga huchambuliwa, ndizi humenywa, nazi hukunwa na tui lake hukamuliwa. Uji hukorogwa. Ugali hausemwi kuwa umekorogwa ila kwa kuutukana. Ugali husongwa, na anayesonga hutumia mkono mzima hata bega. Kisha chakula hupakuliwa, huandaliwa, na ndipo huliwa. Kila kitenzi hapo kina mwendo wake wa mkono. Ukivitaja mbele ya mama aliyezoea jiko utaona vidole vyake vinaanza kucheza vyenyewe.

Na kuna kitenzi kimoja ambacho kingetosha peke yake kuwa somo la wiki nzima, nacho ni kuunga. Mboga huungwa kwa nazi, kwa karanga, kwa mawese, kwa vitunguu na nyanya. Ni kitenzi kile kile cha kuunganisha vitu viwili viwe kimoja, na ndimo linamotoka neno viungo, ambalo ni pia jina la sehemu za mwili zinapokutana. Anayepika bila ya kuunga amechemsha tu. Vitu vimekaa pamoja sufuriani kama abiria katika gari, kila mmoja na safari yake. Twaweza pia kutaja mwiko, ambao ni chombo cha kusongea na ni katazo vilevile, ingawa hatutaki kudai kwamba yote mawili yana asili moja.

Tukifungua ukurasa wa mapishi katika gazeti la leo, utajiri huo wote hauonekani. Weka mafuta. Weka vitunguu. Weka nyanya. Weka chumvi. Changanya. Acha kwa dakika 20. Kitenzi kuweka kimefanywa mtumwa wa kazi zote. Tunaelewa sababu yake: kurasa nyingi za namna hii zimefasiriwa, na mfasiri akikosa neno hulikimbilia lililo karibu. Lakini hasara haiishii kwenye msamiati. Mapishi yaliyoandikwa kwa dakika na vijiko humwambia msomaji aangalie saa. Mapishi yanayosimuliwa nyumbani humwambia aangalie chungu. Vitunguu vikaangwe mpaka viwe na rangi ya ganda lao. Nyanya ziachwe mpaka zipondeke na mafuta yapande juu. Unga wa mwisho uongezwe kidogo kidogo mpaka mwiko uwe mzito. Chumvi ionjwe kama imekolea. Maneno haya ni vipimo kamili, tena ni bora kuliko dakika, kwa sababu makaa ya leo si makaa ya jana na nyanya za masika si nyanya za kiangazi.

Hapo hapo tungependa kulitetea neno ambalo hudharauliwa na wanaopenda mizani: chumvi kiasi. Wapo wanaolicheka kwamba halina maana. Lina maana. Linamkabidhi mpishi uamuzi, na kumkumbusha kwamba ana ulimi.

Msamiati wa ulimi nao umefifia madarasani. Chakula ni kitamu au si kitamu, basi. Lakini lugha ina mchuzi chapwa, usio na ladha ya kushika. Ina uchachu wa maziwa yaliyolala na ugwadu wa embe bichi. Ina ukakasi unaokaa ulimini baada ya tunda kumezwa. Ina uchungu wa nyanya chungu, ambao wenyeji wa huku huutafuta kwa makusudi, na mgeni huukunjia uso kwa siku tatu kabla hajaanza kuutamani. Mwanafunzi aliyepewa maneno hayo hupata pia sababu ya kuonja kwa makini. Hatujui njia nyingine ya kuirudisha raha ya chakula iliyo rahisi kuliko hii ya kukipa majina yake.

Tuchukue chakula kimoja tukitazame kwa urefu. Majani ya muhogo, kwa Mtanzania, ni kisamvu. Kwa Mkongo wa Uvira, Bukavu au Lubumbashi ni sombe. Kwa asemaye Lingala ni pondu. Kwa Kirundi na Kinyarwanda ni isombe. Mti wenyewe ni mgeni: uliletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini mpaka pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, ukasafiri bara kwa miguu ya watu. Kwa hiyo anayesema kwamba sombe ni chakula cha mababu tangu dunia kuumbwa ametia chumvi. Hata maharage, mahindi, karanga, nyanya na pilipili hoho asili yake ni huko huko Amerika. Twasema haya kwa sababu kuna uandishi mmoja, wenye nia njema, ambao hukisifu chakula cha nyumbani kwa kuwa ni cha asili na kukilaumu kingine kwa kuwa ni cha kigeni. Sifa hiyo haina msingi. Ubora wa sombe umo katika kile ambacho watu wa hapa wamelifanyia jani hili.

Nao wamelifanyia mengi. Jani la muhogo lina sumu ya jamii ya sayanidi. Likiliwa bichi hudhuru. Kinu na moto ndivyo vilivyoligeuza kuwa chakula: kutwanga hupasua jani na kuiachilia sumu, na kuchemka kwa muda mrefu huiondoa pamoja na mvuke. Mama wa huku hachukui kitabu cha kemia, lakini anajua kwamba chungu cha sombe hakifunikwi mapema, na kwamba mwenye haraka apike lenga-lenga. Majani machanga huchumwa, huoshwa, hutwangwa pamoja na kitunguu na pilipili, kisha hutokoswa saa moja na zaidi mpaka rangi ya kijani kibichi igeuke kuwa ya kiza na harufu ya ubichi ipotee. Ndipo huungwa. Kando ya ziwa huungwa kwa mawese na ndagala wakavu. Wengine hutia karanga zilizosagwa. Pwani hutia tui la nazi. Ni mchele mmoja wa ile methali, ila ni wa kijani.

Siku hizi sombe huuzwa sokoni tayari imesagwa kwa mashine. Hatuwezi kumlaumu anayeinunua. Kutwanga ni kazi nzito, na wengi wanaokisifu kinu hawajapata kuushika mchi kwa nusu saa. Hata hivyo tunasema, kama wahakiki wa chakula kwa mara moja hii, kwamba mashine hulifanya jani kuwa tope, na kinu huliacha na nyuzi zake kidogo, na nyuzi hizo ndizo zinazoshika mawese.

Sasa tufikirie mwanafunzi wa Bujumbura au Uvira anayeandika katika insha yake: "Jana tulikula sombe na bukari." Tumeona daftari ambamo maneno hayo mawili yamekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake pameandikwa kisamvu na ugali. Kwa upande mmoja mwalimu ana haki: ni wajibu wake kumfikisha mwanafunzi kwenye lugha sanifu, na mtoto huyo akienda Kigoma au Dar es Salaam itamfaa kujua kisamvu ni nini. Kwa upande wa pili, alama ile nyekundu imemwambia mtoto kwamba jana hakula alichokula. Rai yetu ni kwamba neno la pili liandikwe pembeni bila ya kulikata la kwanza. Tangu Burundi na Rwanda zijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022, watu wanavuka mipaka pamoja na vyungu vyao. Anayefanya biashara ya dagaa Kigoma atawauza kwa jina la dagaa na atasikia wakiitwa ndagala huku. Samaki aitwaye mgebuka kule ni mukeke hapa. Mchicha ni lenga-lenga Kongo na dodo Uganda. Neno posho, ambalo kwanza lilikuwa mgao wa chakula wa wafanyakazi na askari, limekuwa Uganda jina la ugali wenyewe. Aina moja ya dagaa wa Tanganyika ilipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko ikazoeleka kwa jina la sambaza. Ilipopandikizwa Kariba mwaka 1967 na 1968 ikaitwa kapenta. Samaki mmoja, majina matatu au manne, na kila jina lina watu wake wanaosubiri chakula cha jioni. Mwalimu anayeyakusanya majina haya anafanya kazi ya kamusi. Anayeyakata kwa wino anaipunguza.

Na tusisahau kwamba lugha sanifu yenyewe ni jiko la mchanganyiko. Sahani ni neno la Kiarabu, meza tulipewa na Wareno, chapati ilitoka Bara Hindi. Chungu, moto, kinu na kupika ni vya Kibantu, navyo ndivyo vilivyotangulia. Lugha iliyowakaribisha wageni wote hao haiwezi kuona haya kwa sombe.

Tumesema kwamba raha imeondoka katika maandishi. Imeondoka pia, kwa kiasi fulani, katika nyumba zenyewe, na uhakiki wa haki hauwezi kulipita jambo hili. Sababu ya kwanza ni makaa. Maharage makavu huhitaji saa mbili au tatu juu ya mbabura, na mtu anayenunua makaa kwa kopo huzihesabu saa hizo kwa fedha. Sababu ya pili ni muda: watu wa mjini, walimu wakiwamo, hutoka alfajiri na kurudi magharibi. Kwa hiyo katikati ya muhula wengi wetu huishi kwa chai na mkate, mishikaki ya njiani na viazi vya kukaanga, tukijiambia kwamba chakula cha kweli kitapikwa Jumapili. Hata kile kinachopikwa siku za kazi hutiwa kile kidonge cha mchuzi cha dukani, ambacho tunakikubali kwa shukrani siku ya uchovu, lakini ambacho kina tabia moja mbaya: maharage, kabichi, nyama na samaki vyote hugeuka kuwa na ladha moja. Mpishi akikizoea husahau kwamba kitunguu kilichokaangwa kwa subira kilikuwa kikiifanya kazi hiyo hiyo.

Shule nayo ina lawama yake. Imewafundisha watoto kwa miaka mingi kwamba vyakula ni vya namna tatu: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Mafundisho hayo ni ya kweli na yameokoa watoto, hatutaki yaondolewe. Lakini yakiwa peke yake humfanya mtoto akitazame chakula kama anavyokitazama kidonge cha kwinini. Hakuna pahali katika somo panaposema kwamba maharage ni matamu.

Sababu ya mwisho ni nzito kuliko zote, nayo ni kwamba jiko limeachiwa mtu mmoja. Ni rahisi kwa anayeletewa sahani kuandika sifa za chungu. Anayeamka kuwasha moto kila siku ya Mungu, mvua ikinyesha na moshi ukimwingia machoni, halazimiki kuona raha kwa sababu tu mwandishi ameitangaza. Tumesoma makala kadhaa yenye kuomboleza kwamba akina dada wa siku hizi hawajui kupika, na katika hayo yote hatujakuta swali kuhusu akina kaka. Raha haitozwi kama kodi. Tunavyoona sisi, huja pale kazi inapogawanywa, mmoja akichambua, mwingine akimenya, wa tatu akipuliza moto na kusimulia ya mtaani. Tena huja pale mtu anapopika kwa kutaka, japo mara moja kwa wiki, na kukitazama anachokifanya.

Kwa hiyo tuyatazame maharage, chakula cha karibu kila siku katika nyumba nyingi za Burundi, na ambacho kwa sababu hiyo hakuna anayekiangalia. Kuyachambua ni kazi ya ungo na mwanga: mawe huondolewa, yaliyotobolewa na wadudu huondolewa, na mkono hujifunza kutofautisha maharage mapya, yenye ngozi laini, na yale ya msimu uliopita, ambayo yatakula makaa. Yakilowekwa usiku kucha huiva upesi, na maji ya kulowekea hubadilishwa. Yakiisha kutokota, povu hupanda. Lienguliwe kwa upawa. Maji yakipungua huongezwa ya moto, kwani ya baridi huyashitua na kuyachelewesha. Hapo mtu anaweza kusahihisha madaftari, na tumefanya hivyo mara nyingi: maharage ni chakula pekee kinachomruhusu mwalimu kufanya kazi mbili. Sauti ya chungu ndiyo inayomwita. Mwanzoni hutokota kwa kelele. Yakikaribia kuiva, maji yakiwa yameanza kuwa mazito, sauti hushuka na kuwa ya chini chini. Hapo huchukuliwa moja na kubonyezwa kwa vidole viwili. Likipondeka bila ya ubishi, ni wakati wa kuyaunga: mawese yapashwe moto pembeni mpaka yatulie, kitunguu kiingie na kuiva polepole, pilipili nzima isiyopasuliwa ikae juu kwa ajili ya harufu, na chumvi ije mwisho. Kisha kuna kiporo. Maharage yaliyolala, yakipashwa asubuhi mpaka mchuzi ushikane, ni matamu kuliko ya jana, na kiporo ni neno zuri ambalo hatujalikuta katika somo lolote la chakula.

Mwaka huu tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kuandika jinsi maharage yanavyopikwa kwao, kwa sharti moja: kitenzi kuweka kisitumiwe. Mwanzoni walinung'unika. Wavulana wengi walirudi na mistari mitano, na mistari yote mitano ilikuwa na mama ndani yake akifanya jambo ambalo hawakuweza kulitaja. Tuliwarudisha nyumbani wakakae jikoni. Insha za pili zilikuwa nyingine kabisa. Sarufi ilikuwa na makosa yake ya kawaida, inaiva mahali pa yanaiva, chungu kikipewa ngeli ya watu. Lakini zilikuwa na moshi ndani yake. Mmoja aliandika kwamba bibi yake huyajua maharage yameiva kabla ya kulifunua chungu, kwa kusikiliza. Mwingine alieleza kwa ukurasa mzima ugomvi wa nyumbani kwao juu ya vitunguu, kama vikaangwe kwanza au viingie vibichi, na hakuna aliyeshinda. Hatukumbuki kuwa tumewahi kusahihisha insha za darasa zima bila ya kupumzika, ila hizo.

Tunashauri, basi, kwamba watunga mitihani waliache lile swali la "Taja vyombo vitano vinavyopatikana jikoni", wajaribu hili: "Eleza tofauti kati ya kuchemsha, kutokosa na kuunga, kwa mfano wa chakula cha kwenu." Mwanafunzi atalazimika kutumia kauli ya kutendwa, ngeli zaidi ya tatu, na viunganishi vya wakati, mwalimu atapata chakula cha kusoma. Yapo maneno ambayo sisi wenyewe bado tunayatafuta. Lile povu la maharage, je, lina jina lake, au ni povu tu kama la sabuni? Ule utando unaokaa juu ya uji uliopoa tunauitaje? Na darasani kulizuka mabishano makali kama kinachoshika chini ya sufuria ya wali ni ukoko au matandu, na kama cha ugali kina haki ya jina hilo hilo. Tuliwaambia waulize nyumbani. Jumatatu mwanafunzi mmoja alirudi na majina matatu, na kipande cha ukoko alichokifunga katika karatasi ya daftari.